Theluji Inapofanana na Vumbi: Kisa cha Kurejesha Il grande silenzio

Aliyekulia kwenye picha za makauboi anajua kwamba stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, farasi wake atauawa, lakini mwisho atainuka na adui atalala chini. Il grande silenzio, filamu ya makauboi ya mwongozaji Sergio Corbucci iliyotoka Italia Novemba 1968, haikubali mpango huo. Stelingi anauawa, mpenzi wake anauawa, mateka waliofungwa ndani ya baa wanamiminiwa risasi wote, na waliofanya hivyo wanapanda farasi na kwenda zao wakijua kuwa sheria itawalipa. Uingereza iliiona kupitia televisheni ya BBC2 mwaka 1990. Marekani ilipata DVD ya kampuni ya Fantoma mwaka 2001, lakini filamu haikuonyeshwa rasmi kwenye majumba ya sinema huko hadi 2018, ilipotimiza miaka 50, kwa nakala iliyorejeshwa kwa ubora wa 2K (picha yenye upana wa pikseli kama elfu mbili) na kusambazwa na Film Movement. Blu-ray ya Film Movement ilitoka mwaka huohuo, na ile ya Eureka ya Uingereza ikafuata mwaka 2021.

Urejeshaji wa filamu za zamani huzungumzwa kana kwamba ni kazi ya kufuta uchafu. Kwa filamu hii kauli hiyo ni hatari, kwa sababu karibu kila kitu kinachoipa uzito kinafanana na uchafu: theluji inayodondoka, ukungu, punje za filamu (chembe ndogo zinazounda picha kwenye ukanda), fokasi inayopotea na kurudi. Anayesafisha asipojua anachokitazama ataifuta filamu yenyewe.

Kwanza kisa, kwa ufupi. Ni majira ya baridi kali ya 1898 kuelekea 1899, mji wa Snow Hill, Utah. Maskini waliofukuzwa wamekimbilia milimani, wanaiba ili wale, na kila mmoja amewekewa bei kichwani. Wanaowasaka ni wawinda zawadi, watu wanaolipwa kwa kila anayetafutwa, aletwe hai au maiti. Kiongozi wao ni Loco, anayechezwa na Klaus Kinski kwa upole unaotia kinyaa. Anaua kwa kufuata sheria, kisha anazifukia maiti kwenye theluji zisioze mpaka wakati wa kuzikusanya na kudai malipo. Dhidi yake yuko Silence, yaani Jean-Louis Trintignant, aliyekatwa koo utotoni asije akatoa ushahidi wa mauaji ya wazazi wake. Ni bubu. Silaha yake ni Mauser C96, bastola ya risasi kumi iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1896, na mbinu yake ni moja: anamchokoza adui mpaka adui achomoe bunduki kwanza, ndipo anampiga, na mahakama inaita kujilinda. Aliyemwajiri ni Pauline, mjane Mweusi anayechezwa na Vonetta McGee. Loco anaielewa mbinu hiyo na anakataa kuchomoa. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu Silence hana mbinu ya pili.

Picha za nje zilipigwa kwenye milima ya Dolomiti, upande wa Cortina d'Ampezzo na San Cassiano, ambako theluji ni ya kweli na inafika tumboni mwa farasi. Sehemu kubwa ya mji wenyewe ilipigwa kwenye studio za Elios mjini Roma, ambako theluji haikuwapo. Mitaa na mapaa yalipakwa povu la kunyolea ndevu (tani 26 ndiyo idadi inayotajwa siku zote), na pale ambapo mashamba ya nyuma yangeonekana yakiwa makavu, ukungu ulipulizwa kuyafunika. Kwa hiyo anayerejesha ana weupe wa aina tatu mezani: theluji ya kweli, povu na ukungu. Kila mmoja una tabia yake mbele ya skana, mashine inayougeuza ukanda wa filamu kuwa picha za kidijitali.

Ukubwa wa kazi

Filamu ina dakika 105. Kwa fremu 24 kila sekunde hizo ni fremu 151,200, na kwa ukanda wa milimita 35 ni takriban meta 2,870. Fremu moja ikiskaniwa kwa 2K kamili, pikseli 2048 kwa 1556 za biti 10, inachukua karibu megabaiti 12.7. Zote kwa pamoja zinakaribia terabaiti mbili kabla mtu hajagusa chochote. Hakuna bajeti ya filamu ya aina hii inayoruhusu binadamu kusafisha fremu 151,200 kwa mkono, kwa hiyo programu lazima itumike. Swali ni kiasi gani.

Programu ya kuondoa vumbi inafanya kazi kwa kulinganisha. Inachukua fremu iliyopo, inatazama iliyotangulia na inayofuata, kisha inauliza: je, kuna doa lililo kwenye hii tu na halimo kwenye zile mbili? Likiwepo, inaamua ni vumbi, kwa sababu kitu cha kweli hakitokei kwa sehemu moja ya ishirini na nne ya sekunde kisha kikatoweka. Kisha inachukua rangi ya mahali hapo kutoka fremu za jirani na kuziba. Kwa tamthilia ya sebuleni, mantiki hiyo inatosha. Sasa mpe programu hiyo dhoruba ya theluji. Chembe inayopita karibu na lenzi ni doa jeupe, halina umbo maalumu, lipo kwenye fremu moja tu, na fremu inayofuata limeshahamia pengine au limetoka kabisa. Kwa macho ya mashine ni vumbi safi kabisa.

Matokeo yanaonekana kwa namna tatu. Chembe kubwa za karibu zinapotea na kubaki zile ndogo za mbali, hivyo dhoruba inapungua kina na kuwa kama pazia lililotundikwa nyuma ya waigizaji. Chembe nyingine zinakatwa nusu, hasa zinapopita mbele ya koti jeusi au uso, na kuacha kivuli cha kijivu kisicho na ukingo. La tatu ni baya zaidi: mashine inaziba tundu kwa kipande cha fremu ya jirani wakati mwigizaji ameshasogea, na ghafla ukingo wa kofia unamegeka au hatamu ya farasi inakatika kwa fremu moja. Jicho halipati muda wa kuona kilichotokea, ila linahisi picha inatetemeka.

Dawa ya kwanza ni mionzi ya infraredi. Skana nzuri za kisasa huupitisha ukanda pia chini ya mwanga wa infraredi na kurekodi picha ya ziada. Rangi za ukanda wa filamu ya rangi zinapitisha mwanga huo karibu wote, kwa hiyo kilichopigwa na kamera hakionekani humo. Vumbi, nywele na mikwaruzo mirefu vinauzuia, na vinaonekana vyeusi. Ukichukua ramani hiyo, theluji ya Dolomiti haimo, kwa kuwa ni rangi tu kwenye ukanda. Vumbi la ghala limo. Programu ikiambiwa iguse tu palipo na alama kwenye ramani hiyo, dhoruba inabaki salama.

Ila ina mpaka wake. Inaona uchafu uliolala juu ya ukanda unaoskaniwa, basi. Uchafu ulioingia zamani, wakati nakala moja ilipochapwa kutoka nyingine, umeshakuwa sehemu ya picha, na wenyewe ni rangi tu. Filamu za enzi hiyo zilitengeneza maandishi ya mwanzo na shoti zinazoyeyukiana kwa kuchapa upya kwenye mashine ya optiki, kwa hiyo hata ukiwa na negativi ya awali, yaani ukanda uliopita ndani ya kamera wenyewe, ambao mwanga na giza vimebadilishana, vipande hivyo vina vumbi la mwaka 1968 ndani yake. Huko hakuna njia ya mkato. Mtu anakaa, shoti kwa shoti, anachora eneo la kulinda na eneo la kusafisha.

Rangi ya doa inasaidia kutambua limetoka wapi. Vumbi lililokaa juu ya negativi linazuia mwanga, na picha ikigeuzwa linakuwa jeupe. Vumbi lililokuwa kwenye nakala chanya ya kati wakati inachapwa kwenda negativi nyingine linatokea jeusi. Kwenye filamu ya kawaida madoa meupe ndiyo yanayoudhi. Hapa ni kinyume: jeupe linajificha kwenye theluji na linaonekana tu kwenye koti la Loco au ndani ya baa, wakati jeusi linakaa juu ya mlima mweupe kama pilipili manga juu ya wali. Ukitaka kujua kwa haraka kama nakala uliyonayo imetoka karibu na negativi au imetoka kwenye kizazi cha mbali, yaani nakala ya nakala, simamisha kwenye anga jeupe na utafute madoa meusi.

Mikwaruzo ni habari nyingine. Iliyo upande wa plastiki, nyuma ya picha, inaweza kuzibwa wakati wa kuskani kwa kuupitisha ukanda kwenye kimiminika chenye uwezo wa kupinda mwanga unaokaribiana na wa plastiki yenyewe, kwa kawaida perikloroethilini. Kimiminika kinajaza ufa, mwanga unapita kana kwamba ufa haupo. Mkwaruzo uliochimba upande wa picha umeondoa rangi, na hakuna kimiminika kitakachoirudisha. Pia kuna maunganisho. Negativi ya awali hukatwa na kugundishwa kila shoti inapobadilika, na kiungo ni kinene kuliko ukanda, hivyo kikipita kwenye geti la skana picha inaruka kidogo juu au chini. Kwenye mandhari tupu ya theluji hakuna mengi ya kuficha mruko huo, kwa hiyo fremu za pande zote mbili za kiungo hutulizwa moja moja.

Weupe na baridi yake

Ukanda wa rangi wa miaka ya 1960 haukudumu vizuri. Kwenye nakala za sinema, rangi ya samawati-kijani huchuja mbele ya nyingine, na picha inabaki nyekundu au waridi. Theluji ya waridi haina baridi. Msahihishaji wa rangi anavutwa na suluhisho rahisi: theluji ni nyeupe, basi nivute mikondo mitatu ya nyekundu, kijani na buluu mpaka ilingane, na kila kitu kingine kitafuata. Nusu yake ni kweli. Theluji iliyopigwa na jua inaweza kutumika kama kipimo cha weupe. Theluji iliyo kivulini haiwezi, kwa sababu inamulikwa na anga, na kivuli chake ni cha buluu katika dunia halisi. Ukiisawazisha nayo iwe kijivu, nyuso zinageuka manjano na bonde zima linaonekana kama la alasiri yenye joto. Utaratibu unaofaa ni kupima sehemu zenye jua, kuacha vivuli vibaki na ubuluu wao, kisha kukagua ngozi za watu. Ngozi ya McGee na ya Trintignant ndani ya fremu moja ni kipimo kizuri kuliko mlima wowote, kwa kuwa kosa dogo linalostahimilika kwenye moja linajitokeza mara moja kwenye nyingine.

Halafu kuna mwangaza. Video ya Blu-ray ina biti 8, yaani ngazi za mwanga kutoka 0 hadi 255, na weusi wake unaanza kwenye 16, weupe unaishia kwenye 235. Mtu akipandisha mwanga ili theluji “ing'ae,” kila kilichozidi 235 kinakatwa na kuwa bapa. Nyayo, mawimbi ya upepo juu ya theluji, mpaka kati ya mlima na anga, vyote vinakwenda. Theluji yenye jua inapaswa kukaa chini kidogo ya kilele, ili nyayo za Silence ziendelee kusomeka. Ni picha isiyong'aa sana dukani, na ndiyo sahihi.

Povu la Elios linaleta utata. Halipitishi mwanga ndani yake kama theluji. Linang'aa juu tu, kingo zake ni za mviringo, na halipondeki vizuri chini ya buti. Kwenye DVD ya zamani hilo halikuonekana sana. Kwenye Blu-ray linaonekana. Je, lifichwe kwa kompyuta? Hapana. Wapiga picha wa 1968 walilijua, ndiyo maana ukungu ulipulizwa. Kazi ya anayerejesha ni kuulinda ukungu huo, kwa sababu kuongeza ukali wa utofauti wa mwanga kunaupenya na kufunua walichokuwa wanaficha.

Vivyo hivyo fokasi. Mpigapicha Silvano Ippoliti anatumia lenzi ndefu, zumu za ghafla na kamera ya mkononi, na mara nyingi kitu kilicho mbele kinakaa kikiwa kimefifia. Kuna shoti ambazo hata uso hauko kwenye fokasi kamili. Kitufe cha kunoa picha hakiwezi kurudisha kisichopigwa. Kinachora tu mstari mweupe kuzunguka kofia na mabega, na juu ya theluji mstari huo hauonekani mpaka mwigizaji asimame mbele ya ukuta mweusi. Wapo wanaolalamika kwamba diski “haiko kali.” Wanailaumu diski kwa uamuzi wa kamera.

Miisho mitatu na sauti mbili

Mbali na mwisho unaojulikana, ulipigwa mwisho wa furaha, ambao kwa kawaida husemwa ulikusudiwa masoko ya nje ya Ulaya yaliyotaka stelingi abaki hai. Humo sherifu Burnett, aliyekwisha kuzama kwenye ziwa la barafu, anaibuka juu ya farasi, Loco anapigwa risasi, na Silence anaonekana alikuwa amevaa kinga ya chuma mkononi. Upo pia mwisho wa kati unaoacha mambo hewani: Silence anajeruhiwa na kuanguka, nao Loco na watu wake wanaondoka bila kuwaua mateka. Matoleo ya Blu-ray yameweka yote mawili kama nyongeza, nje ya filamu. Huo ndio uamuzi sahihi. Mwisho wa furaha ni ushahidi mzuri wa jinsi biashara inavyoweza kuvunja hadithi: ili ufanye kazi, lazima mtu aliyezama arudi bila maelezo na mbinu ya Loco isahaulike.

Upande wa sauti, wengi hukosea kutafuta lugha “halisi.” Waitalia wa wakati huo hawakuwa wakirekodi mazungumzo ya kutumika wakati wa kupiga picha, sauti zote ziliingizwa baadaye studioni, za Kiitalia na za Kiingereza. Kinski anayeitwa Loco kwa Kiingereza anaitwa Tigrero kwa Kiitalia. Hapo ndipo kosa la kawaida la maandishi ya chini linapoonekana: ukichagua sauti ya Kiitalia na chini yake ukasoma maneno ya Kiingereza yaliyonakiliwa kutoka kwenye sauti ya Kiingereza, mazungumzo mawili tofauti yanaendeshwa kwa wakati mmoja. Kagua jina hilo tu. Ukisikia Tigrero na kusoma Loco, maandishi hayo hayakutafsiriwa kutoka kwenye unachosikia.

Usidanganywe na urefu pia. Nakala za televisheni na DVD za Ulaya zilizopita kwenye mfumo wa PAL hukimbia fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo dakika 105 zinakuwa karibu 101 bila kukatwa hata shoti moja. Hasara yake iko masikioni: kila kitu kinapanda kwa takriban asilimia 4, na muziki wa Ennio Morricone, ambao ni wa taratibu na wa huzuni, unachangamka kidogo kuliko unavyopaswa. Blu-ray ya fremu 24 inaurudisha mahali pake.

Mpaka kwenye diski

Mtihani wa mwisho ni kubana data. Programu ya kubana inaokoa nafasi kwa kutegemea kwamba fremu mbili zinazofuatana zinafanana. Dhoruba ya theluji haifanani na yenyewe hata kwa fremu moja, na juu yake kuna punje za filamu zinazobadilika kila mara. DVD, yenye ukomo wa megabiti 9.8 kwa sekunde, ilikuwa ikivunjika vipande vya miraba kwenye maonyesho kama hayo. Blu-ray inaruhusu hadi megabiti 40 za picha, lakini lazima pawepo pa kuziweka. Dakika 105 kwa wastani wa megabiti 35 zinahitaji karibu gigabaiti 27.6, yaani hazitoshi kwenye diski ya tabaka moja ya gigabaiti 25. Ukishuka hadi wastani wa 25, picha peke yake inachukua kama gigabaiti 19.7, na nyongeza zinaanza kugombania kilichobaki. Kwa filamu kama hii diski ya tabaka mbili si anasa. Pembeni utaona mistari miwili myeusi ya pikseli kama 63 kila upande. Ni kawaida, kwa kuwa picha ni ya uwiano wa 1.66 kwa 1. Nakala inayojaza skrini nzima imekatwa juu au chini.

Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa kuchezwa, ndiyo ya kuangalia kabla ya kulipa. Kwa Blu-ray, Afrika iko kanda B pamoja na Ulaya, hivyo toleo la Uingereza litacheza kwenye mashine ya kawaida ya huku, na la Marekani linaweza kukataa. Kwa DVD hesabu ni tofauti: Ulaya ni kanda 2, Afrika Mashariki ni 5, na kiendeshi cha kompyuta kinaruhusu kubadilisha kanda mara tano tu kabla ya kujifunga.

Baada ya yote hayo televisheni yenyewe inaweza kuharibu kazi. Runinga nyingi za sasa hutoka kiwandani zikiwa zimewashwa kipunguza kelele cha picha na kilainisha mwendo, na hivyo vyote viwili vinafuata mantiki ileile ya kulinganisha fremu: kisichokuwepo kwenye jirani kinafutwa, au kinabuniwa kati. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya sinema, zima vyote viwili, shusha ukali mpaka kiwango ambacho mashine haiongezi mstari kwenye kingo, kisha rudi kwenye dakika za mwanzo, ambako mpanda farasi mmoja anavuka bonde jeupe. Chembe za karibu na lenzi zikipita zikiwa nzima mbele ya koti lake, uko tayari kutazama.